Kisigino cha Kandambili

Trekta dogo la kukatia nyasi za hospitali lilikuwa jekundu siku lilipoletwa. Sasa, baada ya miaka ishirini na miwili ya jua na mvua, wekundu wake ulibaki chini ya kiti tu. Dereva wake alikuwa mtu mmoja tangu siku ya kwanza, na kwa jinsi alivyoganda na nyasi zile, watu waliliweka kando jina lake la kuzaliwa wakamwita Mzee Ukoka. Mwenyewe aliitika bila kinyongo. Alikuwa mtu wa mwili, tumbo limetangulia, shingo imejaa, na akipita juu ya trekta lake wauguzi walimpungia mkono naye akawavulia kofia kama mgeni rasmi.

Halafu akaugua. Ugonjwa ulianza kama mzaha, maumivu ya tumbo ya kuja na kuondoka, naye akayapuuza kwa sababu mfanyakazi wa hospitali kuumwa aliona ni kujitia aibu mbele ya wenzake. Alipokuja kuanguka, alianguka kweli. Alipasuliwa mara mbili. Wiki kumi na moja alilala katika wodi ya wanaume ya hospitali ileile, kitanda cha dirishani, akitazama ukoka wake ukirefuka mpaka ukafunika vibao vya kuonyesha njia. Kibarua mmoja aliletwa na fyekeo, akakata kipande, akaingia mitini.

Mungu akamnyanyua. Jumatatu moja asubuhi akarudi kazini, ruhusa ya daktari ikiwa mfukoni. Alilifuta trekta vumbi, akapima oili, akajaza petroli, akafunga betri iliyokuwa imechajiwa stoo. Kisha akapanda, akakanyaga breki, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Na kimya cha injini kina aina zake. Betri ikichoka, utasikia stata inajikongoja kama mtu anayeamshwa usingizini. Ikiwa imechoka zaidi, utasikia mlio mmoja tu, tak, halafu basi. Hiki hakikuwa na tak wala kujikongoja. Mzee Ukoka alizungusha ufunguo mara sita, na mara sita trekta lilimnyamazia kama vile hajafika kazini.

Akamwita dereva wa ambulansi, jamaa mwenye kifua cha kabati na domo lisilotulia. Dereva akapanda, akazungusha ufunguo, trekta likanguruma mara moja. Alipoinuka kitini likazimika, kama lilivyoundwa lifanye, maana trekta la aina hiyo halikubali injini ingurume bila mtu juu yake. Kwa hiyo hata ile hila ya mmoja kuwasha na mwingine kuendesha haikuwezekana. Mzee Ukoka akapanda tena. Kimya.

"Mzee, damu yako imekuwa ya kunguni," dereva akasema, akacheka mpaka akashika ubavu. "Umelinyima mapenzi wiki ngapi? Limenuna."

Jumanne ikawa vilevile, Jumatano vilevile. Mafundi wawili wa hospitali walikuja, kila mmoja akapanda, akawasha, likawaka, akashuka akikung'uta mikono na kusema halina tatizo. Watu wakaanza kunong'ona. Mfagizi mmoja alimwambia pembeni, kwa huruma kabisa, kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Mzee Ukoka hakuwa mtu wa kuamini maneno ya namna hiyo, lakini ukinyamaziwa siku tatu na chombo ulichokilea miaka ishirini na miwili, utaanza kujiangalia kama wewe ni wewe.

Jumatano jioni katibu wa hospitali alimwita ofisini. Katibu alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliokuwa na makali.

"Mzee wangu, hakuna anayekufukuza," alisema. "Lakini nyasi zimefika magotini, nyoka wameanza kuonekana karibu na wodi ya watoto. Siwezi kusubiri. Kama mpaka Ijumaa jioni hujalikata eneo la mbele, Jumatatu nitampa trekta mtu mwingine. Wewe nitakuweka getini. Kuna kiti kizuri, kuna kivuli. Utapumzika."

"Ahsante, mkubwa," Mzee Ukoka alijibu, kwa kuwa alilelewa vizuri. Lakini moyo ulimdondoka hadi kwenye viatu. Hakupigania uhai wake wiki kumi na moja ili aje kukaa kivulini akihesabu wanaoingia na wanaotoka. Nyumbani hakumwambia mkewe neno. Alisema kazi inaendelea vizuri, akala nusu sahani, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme wa magari. Mji mzima walimwita Fundi Kesho. Hakuwa fundi mbaya, tena mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya wengi, ila ukimpelekea redio atakwambia njoo kesho, na ukija kesho atakuonyesha kesho nyingine. Mzee Ukoka ndiye aliyembandika jina hilo, miaka mingi iliyopita, mbele ya wakwe, na halikutoka tena.

"Nakuja leo," Fundi Kesho alisema.

Mzee Ukoka aliitoa simu sikioni akaitazama. Alidhani amekosea namba.

Saa nne haijagonga, fundi alikuwa uwanjani, kandambili miguuni, mfuko wa vifaa begani, na taa yake ya kupimia umeme shingoni. Taa yenyewe ilikuwa kitu kidogo tu: balbu ndani ya kishikio chenye ncha kali, na waya wenye kibano. Ukibana waya ule kwenye chuma cha trekta kisha ukagusisha ncha mahali penye moto wa umeme, balbu inawaka. Pasipo na moto haiwaki. Haina maneno mengi.

Alianza kwa kupanda mwenyewe, kama wote waliomtangulia. Akazungusha ufunguo, likawaka. Akashuka, likazima. Akafungua vichwa vya betri, akavikwangua unga mweupe, akavikaza. Akaukaza na waya wa hasi uliofungwa kwenye chasisi. Akapanda, likawaka.

"Basi na mimi niseme halina tatizo niende zangu?" alijiuliza kwa sauti. Akakuna kichwa kwa ncha ya taa. "Hapana. Mafundi wote walikosea hapahapa na mimi nilitaka kukosea. Shemeji, panda wewe. Mimi sikai tena. Mgonjwa ni wewe na trekta mkiwa pamoja. Nikikaa mimi, nampima mzima."

Mzee Ukoka akapanda. Fundi Kesho akapiga goti kwenye nyasi ndefu.

"Sikiliza," alisema. "Umeme unatoka kwenye betri unakwenda kwenye stata. Njiani kuna milango minne: ufunguo, breki, rungu la kuzungushia visu, na kiti. Mlango mmoja ukifungwa, huko mbele hakuna kinachojua kama umegeuza ufunguo. Ndiyo maana husikii hata tak. Tutaufuata mlango kwa mlango. Geuza."

Akageuza. Ncha ya taa ikagusa nyuma ya swichi ya ufunguo, na balbu ikawaka.

"Mlango wa kwanza uko wazi. Shikilia hapohapo. Kanyaga breki."

Tangu Jumatatu Mzee Ukoka alikuwa akiogopa jambo hilo moja, kwamba mguu wake umepungukiwa nguvu, kwamba pedali haifiki chini, na kwamba kosa zima ni unyonge wake ambao kila mtu anauona isipokuwa yeye. Akakanyaga kwa nguvu zote alizokuwa nazo, meno yameumana.

"Inawaka," alisema fundi. "Mguu wako mzima kabisa, shemeji. Legeza meno."

Mzee Ukoka alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Rungu la visu nalo lilikuwa sawa, balbu ikawaka. Ukabaki mlango wa nne. Fundi Kesho akalala chali, akaingiza mkono chini ya kiti, kwenye ule wekundu uliobaki, akagusa waya unaotoka kwenye kitufe cha kiti. Balbu haikuwaka. Akagusa tena. Haikuwaka. Akautoa mkono mwingine, akakisukuma kitako cha kiti chini kwa kiganja, pembeni ya paja la shemeji yake. Balbu ikawaka, na stata ikashtuka ikazunguka mara moja kabla hajaachia.

Akabaki amelala pale chini. Alikuwa ameelewa. Kusema ndiko kulikomshinda.

Wakati huo mkewe Mzee Ukoka alikuwa anakatiza uwanjani, na chupa ya chai mkono mmoja na mfuko wa dawa mkono mwingine. Mumewe alikuwa amesahau dawa za asubuhi. Alikuta mume juu ya trekta, mdogo wake chini ya trekta, na wote wawili kimya kama waliofumaniwa.

"Kuna nini?" aliuliza. "Na wewe mdogo wangu, leo umefika leo? Nani amekufa?"

Ilibidi aambiwe. Aliambiwa yote, Jumatatu, Jumanne, dereva wa ambulansi, katibu, geti na kivuli chake. Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo waliooana miaka mingi wanalijua, lile la kusema tutayazungumza nyumbani. Kisha akainama, akautazama mkono wa mdogo wake na ile balbu.

"Hiyo taa inasema nini?"

"Inasema..." Fundi Kesho alikohoa. "Dada, chini ya kiti kuna kitufe na springi. Mtu akikaa, uzito wake unakibonyeza, trekta linajua lina mtu. Sasa hapa..." Akakohoa tena. "Sasa hapa linaona kiti kitupu."

Mama yule hakuuliza tena. Ni yeye aliyezipunguza suruali za mumewe mara mbili, na kutoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu jingine. Ni yeye aliyemwogesha alipokuwa hawezi kujigeuza, akayajua mabega yake mfupa kwa mfupa. Akaweka chupa ya chai kwenye nyasi, akasimama nyuma ya kiti, akaweka viganja vyake viwili juu ya mabega yale yale, akayakandamiza.

Mumewe akakanyaga breki, akazungusha ufunguo. Balbu ikawaka, na trekta likanguruma.

Akaondoa mikono. Trekta likazima.

Mzee Ukoka alikaa akitazama mikono yake mwenyewe juu ya usukani. Basi hakukuwa na mkosi, hakukuwa na mkono wa mtu, wala trekta halikununa. Lilikuwa linamngoja Mzee Ukoka, na aliyekaa juu yake halikumjua. Iliuma. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha, kwa kuwa watu wale wawili walikwishamwona katika hali mbaya kuliko hiyo.

"Unganisha hizo waya moja kwa moja," alisema, akijifuta uso. "Ruka hicho kitufe. Dakika mbili tu, nikate nyasi zangu."

"Siunganishi," alisema Fundi Kesho.

"Unganisha, shemeji. Kila fundi anaunganisha."

"Kila fundi si shemeji yako." Alikuwa ameketi sasa, nyasi zimemjaa kichwani, na sauti yake haikuwa ya utani. "Hicho kitufe ndicho kinachozima visu mtu akidondoka. Umetoka kitandani juzi. Ukipata kizunguzungu pale kwenye mteremko, ukaanguka, nataka hiki kidude kijue kwamba hupo, kizime palepale. Nikikiruka, trekta halitajua upo wala hupo. Mimi nataka lijue upo."

Mkewe alitikisa kichwa kukubali, na mjadala ukaishia hapo.

Fundi Kesho alipekua mfuko wake akitafuta kipande cha mpira. Hakukiona. Akatazama huku na huku, mwishowe akatazama miguu yake. Akavua kandambili ya kulia, akachukua wembe, akakata kisigino chote, kipande kinene cha bluu mfano wa nusu mwezi. Akakibandika chini ya kiti, juu ya kitufe, ili kijaze pengo ambalo mwili wa shemeji yake ulikuwa umeliacha.

Mara ya kwanza kilikuwa kinene mno. Trekta liliwaka, lakini Mzee Ukoka alipoinuka halikuzimika. Fundi akakitoa, akakipunguza. Mara ya pili bado. Akakipunguza tena, unyoya kwa unyoya, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Mara ya tatu Mzee Ukoka alikaa, akakanyaga breki, akazungusha ufunguo, na trekta likanguruma. Akainuka, likazima. Akakaa, akazungusha, likanguruma.

"Sasa limekujua," alisema Fundi Kesho.

Kwenye madirisha ya wodi ya wanaume palikuwa na vichwa. Mtu alipiga makofi, wengine wakafuata. Dereva wa ambulansi alipaza sauti kutoka mlangoni kwamba ndoa imesuluhishwa. Mkewe alimnywesha dawa palepale juu ya trekta, chai juu yake, akamfunga kofia kwa kamba ya kidevuni kama mtoto wa chekechea, ndipo akamwachia.

Alikata nyasi mchana kutwa. Na kila alipopita chini ya dirisha la kitanda chake cha zamani alishukuru, kwa midomo kabisa, maana kelele za injini zilimsitiri. Alimshukuru Mungu. Akamshukuru muuguzi wa zamu ya jioni aliyemtania mpaka akala. Akamshukuru mkewe, mabega yake yakiwa bado yana joto la viganja. Kisha akamkumbuka Fundi Kesho kwenye benchi la wodi, wiki zote zile. Kila jioni kengele ya kuwatoa wageni ilipolia alisimama, akagusa mguu wa mgonjwa juu ya shuka, akasema, "Haya shemeji, kesho." Na kila kesho alikuja. Siku sabini na kitu hakukosa hata moja, mtu ambaye redio za watu zililala kwake mwaka mzima. Mzee Ukoka hakuwahi kumwambia ahsante. Alikuwa mgonjwa mwanzoni, halafu akazoea. Aibu ilimshika hapo, juu ya trekta, ikachanganyika na shukrani mpaka akashindwa kuzitenganisha.

Jioni katibu alikuja na tai yake, akatembea kwenye nyasi fupi kama anakagua zulia jipya. Hakusema lolote kuhusu geti. Alisema tu, "Karibu tena kazini, mzee wangu," na safari hii Mzee Ukoka alijibu ahsante iliyotoka moyoni.

Tangu hapo ikawa kila Ijumaa, kabla ya kazi, anakichomoa kile kisigino chini ya kiti, anakiweka mfukoni, anapanda, anazungusha ufunguo. Kimya. Anashuka, anakirudisha, anaanza kazi. Nyumbani mkewe alikuwa anauliza neno moja tu, "Vipi?" naye anajibu, "Bado." Mkewe anaongeza mwiko mmoja kwenye sahani yake, bila maelezo, na yeye anakula bila kubisha.

Ijumaa ya tisa alipanda huku akiwaza mambo mengine, akazungusha ufunguo, na trekta likanguruma.

Alikaa palepale. Aliogopa kujitikisa. Aliweka mkono mfukoni, akakigusa kisigino, kipo, hakiko chini ya kiti. Akainuka kidogo, injini ikazima. Akakaa kwa uzito wake wote, wake mwenyewe, akawasha tena. Alikata eneo lote la mbele kabla ya saa nne, akaomba ruhusa, akashika njia ya kwenda kwa shemeji yake.

Fundi Kesho alikuwa mlangoni pa karakana, amezungukwa na redio na wateja wenye subira. Miguuni alikuwa na kandambili zilezile. Ya kulia haikuwa na kisigino, na kwa miezi miwili alikuwa akitembea upande upande kama mwenye jiwe kiatuni, akimwambia kila anayemuuliza kwamba atanunua nyingine kesho.

"Shemeji," alisema Mzee Ukoka, "nimekuletea kitu chako."

Kipande cha mpira kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni na kufungwa kwenye karatasi. Fundi Kesho alikifungua. Akakitazama, kisha akamtazama aliyekileta, tumbo, shingo, mashavu, taratibu, kama alivyokuwa akiufuata umeme mlango kwa mlango.

"Limewaka bila hiki?"

"Limewaka."

Fundi aligeuka haraka akajifanya anatafuta kitu rafuni. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa mekundu. "Kiweke hapo mezani," alisema. "Nitakibandika kesho."

"Hapana," alisema Mzee Ukoka. Akaomba gundi kwa mteja aliyekuwa karibu na rafu, akaketi kwenye sakafu ya karakana, mtu mzima, mbele ya watu wote, akanyoosha mkono. "Lete mguu, shemeji. Hiki tunakibandika leo. Na ahsante."